Kahawa ya Punje Moja

Mtu wa Bukoba haambiwi kitu kuhusu kahawa. Ndivyo nilivyoamini nilipopanda Uluguru mara ya kwanza, sanduku langu la bati likiwa kichwani mwa shemeji na mimba ya miezi mitano ikiwa tumboni mwangu mwenyewe. Kwetu mtoto anafungua macho na kuona mibuni katikati ya migomba. Mgeni akikanyaga kizingiti, kabla hajaulizwa habari za safari, analetewa kahawa kavu za kutafuna kwenye kikapu kidogo. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba huko ninakokwenda nako wanalima kahawa, nilifurahi. Nilidhani nimepata jambo moja ambalo sitafundishwa na mtu.

Mume wangu ni Mluguru. Tulikutana chuo cha ualimu, tukapangiwa kufundisha shule ya kijiji alichozaliwa, mlimani juu ya Bigwa, saa mbili kwa miguu ukiwa mwenyeji na saa tano ukiwa mimi. Ilikuwa ile miaka ya vijiji vya ujamaa, na walimu tulikwenda tulikotumwa, lakini yeye alitumwa kwa mama yake, jambo ambalo lilimfurahisha kupita kiasi. Mama mkwe alikuwa mjane. Alilima njegere, karoti na kabichi kwenye matuta ya mteremko, na nyuma ya jiko lake palikuwa na mibuni kama arobaini, mizuri, imekatiwa vizuri, hata mimi nilikubali kimoyomoyo.

Isipokuwa mmoja. Mbuni huo ulikuwa umesimama peke yake karibu na njia ya kwenda chooni, na ulinichanganya tangu asubuhi ya kwanza. Haukunifika mabegani. Majani yake yalikuwa madogo na membamba, yamebanana kama ya mkomamanga, na matawi yake mafupi yalipangana kutoka upana wa chini hadi ncha ya juu bila mtu kuyakata. Ulipotoa maua nililala nikiinusa harufu yake kuliko ya ile mingine yote. Baadaye ukaweka matunda, na matunda yenyewe hayakuzidi mbaazi.

Nikasema huu una njaa. Nikakusanya majani makavu ya migomba, nikautandazia shinani kama tufanyavyo kwetu, nikamwagia na majivu. Mama mkwe alinitazama akiwa mlangoni mwa jiko.

"Mwanangu, unaulisha?"

"Ndiyo mama. Umedumaa."

"Haujadumaa. Ndivyo ulivyo. Uache."

Nilimwuliza ulitoka wapi, akasema uliota wenyewe. Nilimwuliza mume wangu, akasema padri mmoja wa misheni ndiye aliyeleta mbegu, zamani, kabla ya vita. Nilimwuliza mjomba wa mume wangu, kaka mkubwa wa mama mkwe, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya ardhi yote ya pale. Yeye akasema ni kahawa ya msituni, marehemu mama yao aliing'oa huko juu kwenye ukungu ikiwa na majani mawili. Watu watatu wa nyumba moja, majibu matatu, na kila mmoja alijibu kwa uhakika kama anasoma katekisimu. Mimi nilijua kitu kimoja tu: wakati wa kupeleka kahawa kwenye chama cha ushirika, mama mkwe hakupeleka hata tunda moja la mti ule. Nikahitimisha kwamba ni takataka inayopendwa.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Wanawake wakaja na ndizi, na kuni, na nyimbo. Wa kwanza kabisa aliyempakata aliniuliza, "Huyu ni wa lukolo gani?"

Lukolo ni ukoo. Nikajibu kwa madaha nikautaja ukoo wa baba yake. Wakacheka. Sikuelewa kinachochekesha. Mmoja akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba Mluguru anafuata ukoo wa mama. Baba anampa mtoto mapenzi na chakula, ila ardhi, makaburi na jina la kuulizwa njiani vinatoka kwa mama na kwa wajomba. Sasa mama wa mtoto huyu ni mimi, na mimi pale sikuwa na lukolo, wala mjomba, wala kaburi.

"Basi ni wa kwetu Bukoba," nikasema.

Nikamwandikia baba yangu. Jibu lake lilifika baada ya wiki nyingi, kwa mwandiko wake ulionyooka. Alifurahi sana, alimwombea mtoto afya, na kuhusu lile swali langu alishangaa kwamba mwalimu mzima anauliza. Mtoto ni wa ukoo wa mume, tangu lini ukaona vinginevyo? Huku hatuna haki naye.

Niliisoma barua ile mara tatu. Kwa kina baba yangu mtoto alikuwa wa huku, na kwa watu wa huku alikuwa wa kule. Mkataa kwao mtumwa, wanasema, lakini asiye na kwao pa kukataa anaitwaje? Mume wangu alicheka, akasema siku hizi sote ni wananchi, ardhi ni ya taifa, mambo ya koo yanakufa. Alisema hivyo akiwa amekaa kwenye kigoda cha ukoo wake, juu ya ardhi ya ukoo wake, akila njegere za ukoo wake. Nilimkasirikia siku mbili. Kilichonitisha kilikuwa rahisi: mimi nikifa, au yeye akifa, mtoto huyu atasimama wapi pale mlimani bila mtu kumwambia asogee?

Nikapata wazo, na lilikuwa la kijinga, ila wakati ule liliniliza kwa uzuri wake. Kwetu, zamani, watu wawili waliotaka kuwa ndugu bila kuzaliwa pamoja waligawana tunda moja la kahawa. Ndani ya ganda moja mna punje mbili zilizolaliana kifua kwa kifua. Moja yako, moja yangu, na toka siku hiyo shida yako ni yangu. Wakubwa walikuwa na mambo yao mengine ya kuongezea, sisi watoto tulicheza tu. Nikajiambia, nitamtengenezea mjomba kahawa ya Bukoba. Nitamkaribisha kwa heshima zote. Kisha nitapasua tunda moja, punje moja nimpe yeye, moja niiweke kwenye kiganja cha mtoto. Yeye ndiye mwenye ardhi. Akiitafuna, amekwisha kuwa ndugu yake.

Kahawa ya kutafuna huchumwa kabla haijawa nyekundu. Siku hiyo mama mkwe alishuka mjini na mzigo wa karoti, na alikuwa alale Bigwa kwa dada yake. Mibuni mizuri sikuthubutu kuigusa, ilikuwa ya chama. Nikauendea ule mdogo usio na kazi. Niliuchuma wote, hadi tawi la mwisho, kwa vile matunda yenyewe yalikuwa kiduchu na sufuria ilikuwa kubwa. Nikachemsha pamoja na mchaichai, nikayaanika kwenye ungo juu ya dari la jiko ambako moshi ungemalizia kazi. Mama mkwe alichelewa kurudi, dada yake aliumwa, akabaki kumuuguza wiki nzima. Kahawa zikakauka vizuri, nyeusi na ngumu.

Mjomba alikuja siku ya tano kuulizia hali ya dada zake. Nilipiga magoti kama kwetu. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mwalimu." Nikamletea kikapu kidogo. Alichukua moja, akaigeuza, akaniuliza kama ni dawa ya tumbo. Nikamweleza habari ya udugu, punje mbili, ganda moja. Alisikiliza vizuri, mzee yule, kofia yake ya kufuma ikiwa gotini. Akasema, "Kwenu mna akili. Haya, pasua."

Nikapasua. Ndani mlikuwa na punje moja.

Si punje iliyobaki baada ya nyingine kupotea. Ilikuwa moja, ya mviringo, imejaza ganda lote, na mkunjo mmoja ubavuni. Nikasema hii ina kasoro, hutokea kwenye ncha ya tawi. Nikapasua nyingine. Moja. Ya tatu, moja. Nikaanza kupasua kwa meno, harakaharaka, mtoto mgongoni analia, na kila ganda lilinitolea kile kipunje kimoja cha duara kinachodunda sakafuni na kubingirika chini ya kitanda. Sijawahi kuona kahawa ya namna ile. Nilikuwa nimezaliwa ndani ya kahawa na sikujua kwamba upo mti ambao haujui kuzaa mbili.

Mjomba alinitazama mpaka nilipochoka. Kisha akasema kwa upole, akiinuka, "Naona kwenu udugu umewaishia, mwalimu." Akatafuna ile aliyokuwa nayo mkononi, akakunja uso kwa uchungu wake, akaenda. Sikujua kama alikuwa anatania au ananifukuza. Nililia mchana kutwa.

Mama mkwe aliporudi, hakuingia ndani kwanza. Alisimama mbele ya ule mti mtupu, mzigo ukiwa bado kichwani. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinijibu salamu, akampakata mtoto, akapika, na kwa siku kumi na moja hakuniambia neno ambalo halikuhusu chumvi au maji. Nilimwuliza mume wangu nimekosa nini hasa. Akasema, "Mwulize mama." Nilimwuliza mama, akasema, "Hujakosa kitu. Kula."

Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi nilikuwa sijui wala siambiwi.

Wiki chache baadaye akaja bwana shamba, na balozi wa nyumba kumi, na mjomba. Kijiji kilikuwa kinaanzisha shamba la pamoja la kahawa, miche mipya ingeletwa na mvua za vuli, na mibuni yote iliyozeeka, yenye magonjwa au tasa ilitakiwa kung'olewa na kuchomwa. Bwana shamba alipita mstari kwa mstari akisifu. Alipofika njia ya chooni akasimama. Akageuza majani, akapekua matawi.

"Hii ni nini?"

"Kahawa," mama mkwe akasema.

"Mama, hii ina majani ya mkomamanga. Na wenzake wote wana matunda, yenyewe haina hata moja. Tasa hii. Itolewe."

Mama mkwe hakunitazama. Angeweza kunyoosha kidole na kusema, muulizeni mke wa mwanangu. Alitazama chini tu, akikunja na kukunjua ncha ya khanga yake. Hapo ndipo nilipojua kwamba sikuharibu takataka. Ila niliharibu nini, bado sikujua.

Kuchuma kahawa mbichi lilikuwa kosa, na darasani kwangu niliwaimbisha watoto, *nyekundu tu, nyekundu tu*. Nikaingia ndani, nikatoka na kikapu. Nikasema, "Ndugu bwana shamba, si tasa. Nimeichuma mimi. Mbichi. Nikaichemsha."

Balozi alisema loo. Bwana shamba aliuma moja, akatoa punje, akaitazama. Akauma ya pili na ya tatu, na usoni mwake nikaona yale yale yaliyonipata mimi. Kijana wa watu alikuwa na cheti na baiskeli ya serikali. Alisema punje moja ni kasoro. Kisha akasema lakini kasoro haiwezi kuwa mti mzima. Kisha akasema huenda ni kabila lake, kahawa nazo zina makabila, halafu akafunga daftari. "Tuuache msimu mmoja. Nitauliza wakubwa." Hakuleta jibu kamwe, na sidhani kama aliuliza.

Walipokwenda, mama mkwe alikaa jikoni, akaniita nikae naye. Aliongea akichambua njegere.

"Ardhi hii si yangu, ni ya lukolo. Si ya mume wako pia, akifa itarudi kwa watoto wa dada zake. Lakini mti ni wa aliyeupanda. Hilo hakuna anayelikataa. Nilitaka kumpandia mjukuu wangu mti."

"Si ungempandia wowote, mama?"

"Wowote? Mibuni yote inafanana. Nikifa, watakuja hapa watu kumi, kila mmoja aseme huu ulipandwa na mama yangu. Mtoto wako atasema nini? Lakini ule una sura yake. Mche wake ungekuwa na sura ile ile. Kipofu angeupapasa akajua, huu ni wa yule." "Nilikuwa nasubiri yaive. Mbichi haioti."

Hata za mwaka uliopita zisingefaa, mbegu ya kahawa haikai, inafia ndani. Nilimwomba msamaha nikiwa nimelala kifudifudi karibu na moto. Alisema niinuke, nitaunguza khanga.

Msimu uliofuata mti ulizaa kidogo sana, kana kwamba umenuna. Mama mkwe alichuma zilizoiva mwenyewe, akazitia kwenye kitalu chini ya kivuli cha mgomba. Ziliota sita. Tulikwenda kuzitazama kila asubuhi, mimi na yeye na mtoto anayejifunza kusimama. Kisha siku moja ya Jumapili, tukiwa kanisani, kuku wakakifukua kitalu. Mitano ikafa. Mama mkwe akaja kunionyesha uliobaki, akasema Mungu hamtupi mja wake. Ukakua. Na kadiri ulivyokua, majani yake yalipanuka, yakapanuka, mpaka yakawa makubwa kama ya mbuni mwingine wowote wa mlima ule.

Sikuelewa kitu. Bwana shamba alipopita alisema nyuki wamechanganya mbegu, akasema kwa sauti ya mtu asiyejiamini. Mimi nilikuwa na mashaka mengine, ambayo sikuyasema kwa mtu. Chini ya kila mbuni mkubwa huota vimiche vyenyewe, vingi, na mama mkwe siku ile ya kuku alirudi kutoka kanisani kabla yangu. Inawezekana mti wa mtoto wangu si mtoto wa ule mti hata kidogo. Inawezekana alitaka tu nisilie tena. Mpaka leo sijui, na yeye alikwenda nalo kaburini.

Mjomba alikuja siku ya kuuhamisha mche. Aliutazama, akaulinganisha na ile mingine.

"Dada, hauna ile alama uliyoitaka."

"Hauna," mama mkwe akasema.

"Basi na huyu mtoto hana alama. Upande katikati."

Ukapandwa katikati ya ile arobaini, si pembeni. Nililala nikiwaza maneno yale. Alimaanisha mtoto ni mmoja wao sasa? Au alimaanisha kwamba bila alama hakuna atakayeweza kudai lolote, na ndivyo alivyopenda? Mume wangu alisema nalala na maneno ya wazee kama mtu anayelala na mchanga kitandani. Ule mti mdogo wa majani ya mkomamanga ulikauka mwaka wa jua kali, na hakuna aliyewahi kuona mwingine.

Mama mkwe alifariki binti yangu akiwa darasa la pili, na mjomba hakukaa muda mrefu baada yake. Wakati wa mavuno, watoto wa dada za mume wangu walikuja kuchuma, watu wazima wenye vikapu, kila mmoja akienda kwenye mti wake bila kuuliza. Nilikuwa nimejiandaa miaka minane kwa siku ile. Nilikuwa na maneno yangu, na mashahidi wangu wawili, wote marehemu. Nilisimama mlangoni mwa jiko. Mkubwa wao alimwona binti yangu amesimama na kikapu chake kitupu, akamwambia, "Na wewe nenda kwenye wako, jua linapanda."

Binti yangu akatazama mibuni ile yote inayofanana. Nikainua mkono kumwelekeza, nikachelewa. Akatembea moja kwa moja hadi kwenye mti uliojaa wekundu, akaanza kuchuma. Haukuwa wake. Wake ulikuwa wa tatu kutoka pale, nilijua, na wote waliokuwepo walijua.

Yule mpwa ambaye mti ulikuwa wake alikuwa ameshaanza upande wa pili. Alimtazama mtoto. Akainua kikapu chake, akasogea kwenye mti unaofuata.